Nimemaliza PCB, nataka kutibu wanamichezo: niende Marekani au nibaki?

Swali: Shikamoo dokta. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, nipo Dodoma. Nimecheza netiboli tangu shule ya msingi, na kwenye UMISSETA mimi ndiye nilikuwa nabeba begi la huduma ya kwanza la timu yetu. Nimeona mtandaoni kuna shahada inaitwa athletic training. Mjomba wangu yuko Ohio, Marekani, anasema nimtumie matokeo anitafutie chuo. Baba hataki. Anasema hawezi kuuza shamba la zabibu la Hombolo ili mtoto akasomee ualimu wa mazoezi. Je, shahada hii ina maana kwa Mtanzania? Kama ina maana, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba binti. Nianze na la haraka, kwa sababu huenda mjomba ameshaanza kupiga simu. Shahada ya kwanza ya fani hiyo Marekani imefungwa. Mei 2015 vyombo vinavyoisimamia huko vilitangaza kwamba anayeingia kazini lazima awe na shahada ya uzamili, na kuanzia muhula wa vuli wa 2022 programu za shahada ya kwanza haziruhusiwi kupokea wanafunzi wapya. Mtihani wa kuingilia kazini unasimamiwa na bodi iitwayo BOC, na haufanywi na kila anayetaka: kwa kawaida ni lazima uwe umetoka kwenye programu iliyoidhinishwa na CAATE, chombo cha huko kinachokagua programu za fani hii. Programu hizo sasa ni za uzamili, nyingi za miaka miwili.

Kwa hiyo ukiona tangazo la shahada ya kwanza ya miaka minne, ama ni ukurasa wa zamani ambao hakuna aliyeufuta, ama ni mpango wa miaka mitano unaounganisha shahada mbili, ama ni dalali. Huyo wa tatu ndiye wa kumwogopa. Orodha ya programu zilizoidhinishwa iko wazi mtandaoni, kwenye tovuti ya CAATE yenyewe. Mwambie mjomba asitume hata senti moja ya "fomu" kabla hajaliona jina la chuo humo.

Ushauri wangu nauweka hapa juu usije ukautafuta chini: soma fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapa nyumbani kwanza, usiuache uwanja muda wote unaposoma, kisha huo utabibu wa wanamichezo uusome kama uzamili ukiwa tayari una taaluma inayotambulika kwa sheria ya Tanzania. Wamarekani walipopandisha kiwango waliwaumiza vijana wao wa miaka kumi na minane, lakini mtu wa Dodoma wamemrahisishia hesabu. Ada ya miaka miwili ya ughaibuni si ya minne, na utakwenda ukiwa mtu mzima mwenye ujuzi, si mtoto wa kubahatisha. Shamba la zabibu libaki.

Sasa tumjibu mzee, maana swali lake ni la haki. Anachokiogopa ni kulipa mamilioni ili mwanae akapige filimbi na kuhesabu "moja, mbili, tatu". Mweleze hivi. Hiyo ni taaluma ya afya. Chama chao cha kitaifa, NATA, kiliundwa mwaka 1950 na watu waliokuwa wakihudumia timu za vyuo. Mwaka 1990 chama cha madaktari cha Marekani kikaitambua rasmi kuwa miongoni mwa taaluma za afya, na leo karibu kila jimbo linadhibiti kwa sheria nani afanye kazi hiyo. California ndiyo imebaki nyuma. Kocha anafundisha mchezo. Kocha wa viungo anajenga pumzi na nguvu. Huyu ninayemzungumzia ndiye anayesimama kando ya mstari akitazama nani ametua vibaya, anaingia uwanjani mtu akianguka, anaamua atoke au aendelee, kisha anakaa naye wiki na miezi mpaka arudi mchezoni. Kazi yake inaisha pale mchezaji anapokuwa salama, hata kama kocha amenuna.

Na kama mzee anafuatilia habari, mkumbushe yale ya Januari 2, 2023, Cincinnati, huko huko Ohio kwa mjomba. Damar Hamlin, mchezaji wa Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani, aligongwa kifuani, akasimama, kisha akaanguka, moyo umesimama. Aliyeanza kumkandamiza kifua pale pale kwenye nyasi alikuwa mtaalamu wa fani hii wa timu yake, Denny Kellington. Hamlin yuko hai na alirudi kucheza. Sisi wapenzi wa soka tunamkumbuka zaidi Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka vivyo hivyo Copenhagen, Juni 2021, ila mantiki ni moja: walikuwepo watu waliozoezwa, na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa karibu.

Nisikudanganye lakini kwamba kila siku ni ya kuokoa roho. Siku nyingi ni enka, kifundo cha mguu kilichoteguka.

Chukua Jumamosi yoyote, kiwanja chochote cha mtaa hapa mjini, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Kijana anaruka kupiga kichwa, anatua juu ya kiatu cha mwenzake, mguu unapinda kwa ndani. Wanamzunguka wanne: mmoja anauvuta mguu, wa pili anamwaga maji, wa tatu anadai spreyi, wa nne anasema "hana kitu, ainuke". Mhudumu anayeijua kazi yake kwanza anawaondoa hao wanne. Halafu anapiga goti na kubonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa ule mfupa unaochomoza upande wa nje, kuanzia ncha yake kupanda kama sentimita sita. Anafanya vivyo hivyo upande wa ndani. Anashuka kwenye wayo, anabonyeza kitako cha mfupa mrefu unaoelekea kidole kidogo, kisha kile kifupa cha upande wa ndani kilichokaa juu ya upinde wa unyayo. Mwisho anamwambia asimame apige hatua nne. Kuchechemea kunaruhusiwa.

Pale pote pasipouma mfupa, na hatua nne zikapatikana, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na picha si lazima. Pakiuma mfupa, au hatua zikishindikana, anakwenda eksirei hata kama anaapa kwamba ni mzima. Utaratibu huu ulitungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992, na unatumika duniani kote kwa sababu hautaki mashine. Unataka vidole vinavyojua viko wapi, na hilo ndilo linalosomewa. Mzazi wa kijana huyo ameokoa nauli ya kwenda General na pesa ya picha, au ameambiwa mapema kwamba hana budi kwenda. Vyote viwili vina thamani.

Hapo kazi ndiyo kwanza imeanza, maana nyumbani kuna beseni la maji ya moto linamsubiri. Sisi tunakanda. Mtoto akiteguka asubuhi, jioni bibi ameshachemsha maji, ameweka chumvi, na jirani mwenye mikono mizito ameitwa achue. Siwadharau, maji ya moto yana mahali pake. Lakini siku mbili tatu za kwanza mishipa midogo iliyochanika bado inavujisha, na joto pamoja na kuchua kwa nguvu huongeza uvimbe. Cha kufanya ni bendeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe, barafu kwa ajili ya maumivu, na mapema iwezekanavyo aanze kuuchezesha mguu taratibu. Kwa msuli wa paja uliopigwa goti na ukavimba ndani, kuchua mapema kuna hatari kubwa zaidi: damu ile inaweza kugeuka mfupa ndani ya nyama. Yupo mchezaji hodari anayeacha mpira kwa sababu ya mikono ya jirani mwema. Na ile spreyi mnayoiona kwenye televisheni hupooza ngozi tu kwa muda. Haijawahi kuunga kitu.

Nenda sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo sababu kubwa ya mkoa huu kuhitaji watu wa fani hii: jua. Hapa tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, usiku baridi, kwa hiyo tunajidanganya kwamba Dodoma si Dar. Lakini Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, mechi ya saa nane mchana kwenye kiwanja kisicho na mti ni balaa. Mtu akijituma sana kwenye joto la namna hiyo, mwili hushindwa kujipoza. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuyumba, labda anajibu ovyo, anagombana na refa bila sababu au anapepesuka, huyo si mchovu. Huyo anakufa usipomwahi. Ndivyo alivyokufa Korey Stringer wa Minnesota Vikings, timu nyingine ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 2001, mtu mwenye nguvu za ajabu, na kifo chake kilibadilisha namna Wamarekani wanavyofanya mazoezi wakati wa kiangazi.

Silika yetu ni kumpakia kwenye bodaboda au Noah na kumkimbiza hospitali. Kanuni inasema kinyume: mpoze kwanza, msafirishe baadaye, mradi yupo mtu anayejua anachofanya. Lengo ni kuushusha mwili chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa, na gari lililokwama kwenye foleni ya sabasaba halitafanya hivyo. Marekani wana mapipa ya maji ya barafu kando ya uwanja. Wewe utakuwa na turubai. Mlaze mtu katikati ya turubai, watu sita au wanane wainue kingo zake, mwagieni maji mengi na barafu yoyote iliyopatikana, hata ile ya muuza samaki, kisha myumbishe turubai ili maji yazunguke mwilini. Njia hii imepimwa na wataalamu na inashusha joto vizuri. Inahitaji kitu ambacho kila duka la vifaa vya ujenzi linauza, na mtu mmoja wa kusema kwa sauti "wewe shika hapa, wewe leta maji". Ukisomea fani hii utafundishwa pia kwamba kipimajoto cha kwapani hudanganya katika hali hii. Kinachoaminika ni cha njia ya haja kubwa. Hakuna anayependa kuisikia sehemu hiyo, lakini mtihani unaiuliza.

Wewe ni mchezaji wa netiboli, basi nikuulize: ni wangapi kwenye timu yenu wamewahi kuanguka bila kuguswa, wakashika goti, na wenzao wakasema walisikia "paa"? Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira. Unadaka hewani, unatua, unasimama ghafla, na mzigo wote unaishia gotini. Ligamenti ya katikati ya goti, hii ambayo watangazaji wetu huiita ACL, hukatika kwa wasichana mara mbili na zaidi kuliko wavulana katika michezo inayofanana. Sababu ni nyingi, ila mojawapo inarekebishika: namna ya kutua. Magoti yakikunja na kuelekea vidole, unapona. Yakibana kwa ndani, unajitafutia. Kuna programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, mazoezi kumi na matano, kama dakika ishirini, mara mbili au zaidi kwa wiki. Timu zilizoishika bila kuiacha zimepunguza majeraha kwa takribani theluthi, na nyingine zaidi. Ilitengenezwa kwa ajili ya soka, lakini kutua ni kutua. Haidai kifaa hata kimoja. Kinachotakiwa ni mtu mbishi wa kusimama pale kila jioni na kusema "rudia, goti limeingia ndani".

Halafu kuna wakimbiaji. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ukipita alfajiri barabara za Singida, au hata hii ya kwenda Iringa, utakutana na vijana wanaokimbia. Wengi wanakimbia peke yao, viatu vimeisha, na ugoko ukiuma wanafunga kitambaa. Mtu wa fani hii anauliza swali moja tu la kuanzia: panauma mstari mrefu, au nukta moja unayoweza kuionyesha kwa kidole? Nukta moja inatia shaka ya ufa kwenye mfupa, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kukimbia, neno ambalo mkimbiaji halitaki. Kwa wasichana kuna swali la pili ambalo mwalimu wa kiume mara nyingi haulizi, na akiuliza hajibiwi: unaona siku zako? Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi miezi mitatu, minne, akafurahi kwamba amepunguziwa usumbufu, kumbe mifupa yake inadhoofika. Wewe utajibiwa. Hiyo ni sababu tosha ya kutaka wanawake katika kazi hii, na kwenye mabenchi ya timu zetu ni wachache mno.

Ndiyo kusema shahada ina maana. Tuje kwenye njia.

Fiziotherapia inafundishwa kwa ngazi ya shahada Moshi, pale KCMC, ambako wamekuwa wakiifundisha kwa ngazi za chini kwa miaka mingi, na Muhimbili nayo inayo. Kwa vyuo vingine, UDOM ikiwemo, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, usome mstari kwa mstari. Usiamini nilichosema mimi wala rafiki aliyedahiliwa mwaka juzi, maana sifa hubadilika. PCB ndiyo mchepuo unaotakiwa, kwa hiyo kwa hilo huna shida. Ni miaka minne darasani na wodini, kisha mazoezi ya kazi hospitalini kabla ya usajili kamili. Usajili uko chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari pamoja na wataalamu wa afya shirikishi. Mkopo wa HESLB unaweza kuuomba, na kama ufaulu wako ni wa juu sana, tazama masharti ya Samia Scholarship.

Nikuonye jambo moja. Miaka hiyo minne si ya michezo. Utakaa na mzee wa Mpwapwa aliyepooza upande wa kulia, utamfundisha kushika kijiko. Utabeba mtoto mwenye mtindio wa ubongo huku mama yake akikutazama usoni kutafuta habari njema. Utamgonga mgongo mgonjwa wa mapafu ili makohozi yatoke. Wapenzi wa mpira wengi hununa wakifika hapo, wanaona wamepotezewa muda. Usinune. Mkono unaojua msuli uliokufa unausoma vizuri zaidi msuli uliochoka, na subira unayojifunza kwa mgonjwa wa kiharusi utaihitaji kwa mchezaji aliyekatika ligamenti, ambaye safari yake ni miezi tisa au zaidi na kila wiki anakuuliza "dokta, bado?" Ndiyo, uwanjani utaitwa dokta. Sote tunaitwa hivyo. Nimeacha kukanusha, ila kwenye fomu andika cheo chako halisi.

Baada ya hapo, ukitaka kwenda Marekani, programu za uzamili hudai uwe umesoma ngazi ya chuo biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Mhitimu wa fiziotherapia anakuwa nazo nyingi tayari. Panapokwama mara nyingi ni kemia na saikolojia, kwa hiyo ukiwa mwaka wa kwanza waandikie vyuo viwili vitatu uwaulize kama biokemia yako inahesabika. Tunza maelezo ya kila kozi uliyosoma, yale yanayoonyesha mada na saa, maana miaka mitano baadaye ofisi ya chuo huenda isiyapate. Tunza pia barua za kuthibitisha saa ulizokaa uwanjani, zenye saini na muhuri. Na ujue kwamba leseni yako ya fiziotherapia ya hapa haikupi ruhusa ya kutibu kule. Utakuwa mwanafunzi, basi.

Mjomba ana kazi nzuri kuliko kutafuta chuo. Ijumaa usiku, msimu wa vuli, shule za sekondari za Ohio hucheza futiboli yao ya Kimarekani. Aende akakae karibu na benchi, amtafute mtu mwenye mkoba kiunoni asiyetazama mpira bali anatazama wachezaji, amwombe dakika kumi baada ya mechi. Atakuletea habari za kweli za mshahara, za saa za kazi na za mikopo ya masomo, kuliko tovuti yoyote.

Nchi nyingine nazitaja upesi. Kanada na Ayalandi bado wana fani ya jamii hii kwa shahada ya kwanza. Concordia ya Montreal na Dublin City University ni mifano. Afrika Kusini wana biokinetiki, ambayo ni tiba kwa mazoezi zaidi ya huduma ya uwanjani. Ni masomo mazuri. Kabla hujalipa popote, uliza TCU namna shahada hiyo itakavyotambuliwa, na uliza baraza linalosajili wataalamu wa afya utasajiliwa kwa jina gani ukirudi. Ukijibiwa kwa kusitasita, hilo nalo ni jibu. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na Malya kule Kwimba wanafundisha ukocha na uongozi wa michezo. Ukitaka kufundisha shuleni au kuwa kocha wa viungo, ni njia sahihi kabisa. Ila hazikupi kibali cha kutibu, na wewe umeniuliza habari za kutibu.

Kazi je? Mzee atauliza, na nitamjibu bila sukari. Tazama matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: utamkuta mfiziotherapia, hutakuta mtabibu wa wanamichezo. Ndiyo maana nang'ang'ania fiziotherapia iwe msingi. Ajira za kudumu za michezo pekee ni chache. Kanuni za leseni za klabu zinazitaka timu ziwe na wahudumu wa tiba, na Dodoma Jiji pamoja na Singida Black Stars zimekuwa zikicheza ligi kuu, lakini makocha wa kigeni huja na watu wao, na klabu ndogo hutaka uje bure kwa jina la "kujitolea" mpaka msimu uishe. Timu za jeshi, polisi na magereza zina utulivu zaidi. AFCON ya 2027 tunayoandaa pamoja na Kenya na Uganda itahitaji mikono, ila mashindano hupita. Wengi wanaoishi vizuri kwa kazi hii wanafanya hospitali asubuhi, kama pale Benjamin Mkapa, na jioni wako uwanjani au wanaona wateja wao binafsi. Si umaskini, wala si utajiri wa haraka. Na kabla ya kuvaa jezi ya timu yoyote, dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, unaosema nani anaamua mchezaji kurudi uwanjani. Usipoandikwa wewe, ataamua katibu wa klabu.

Wakati unasubiri udahili, fanya mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu. Jifunze kukandamiza kifua mpaka mikono ikumbuke yenyewe: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, thelathini kwa pumzi mbili. Omba kukaa na mfiziotherapia wa hospitali yoyote iliyo karibu, siku moja kwa wiki, hata kama ni kufagia na kutandika vitanda. Na begi lako lipekue: toa vidonge vya maumivu unavyowagawia wenzio kabla ya mechi, maana huna mamlaka navyo na vinaficha jeraha; ingiza bendeji pana, mkasi butu, glavu, chachi, mifuko ya plastiki ya barafu, na daftari. Andika nani aliumia, wapi, akifanya nini, alirudi lini. Msimu mmoja wa daftari hilo utakufundisha kuhusu timu yenu kuliko mihadhara mingi.

Dirisha la TCU likifunguka, omba mapema na uombe vyuo zaidi ya kimoja, maana nafasi za fiziotherapia si nyingi na waombaji wa PCB ni lukuki, wakiwemo wote waliokosa udaktari. Ukikosa raundi ya kwanza, subiri ya pili kabla hujakimbilia kozi usiyoitaka. Ukikosa zote, ipo stashahada ya fiziotherapia, ya miaka mitatu, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada baadaye kwa sifa linganishi. Ni njia ndefu kidogo, lakini mwenye stashahada humaliza masomo na kuingia kazini mapema kidogo kuliko wenzake wa shahada.